Huyu ni Wetu

Mimi sina ugomvi na watu wa Ng'ambo. Nianze na hilo, maana mjini humu nimeshaitwa mbaguzi, nimeitwa mchawi, na juzi muuza vitunguu mmoja kaniambia mtu kama mimi ndiye anayefanya mvua igome. Mama yangu mzazi ni mtu wa Ng'ambo. Ugomvi wangu ulikuwa na mtu mmoja tu wa Ng'ambo, naye ni mdogo wangu wa kike, baba mmoja, mama mmoja.

Hilo nitalieleza. Kwanza mji wenyewe.

Mji wetu umekatwa na mto. Upande wa huku ni kwa watu wa Huku, ndio wengi, ndio wenye ofisi, ndio wakisema inakuwa. Upande wa pili ni kwa watu wa Ng'ambo, wana lugha yao, na siku nyingi sasa wamevuka daraja wakaja kufanya biashara, wengine wakahamia kabisa. Ukipita sokoni leo nusu ya meza ni zao. Lakini ukipanda kwenye ofisi za halmashauri, gonga mlango huu, gonga ule, wakuu wa idara wote ni watu wa Huku. Mtu wa Ng'ambo utamkuta anafagia korido au anaendesha gari la taka.

Mimi nilikuwa Naibu Mkuu wa Soko. Hilo neno naibu lisikieni tu hivyo hivyo, limenila mwili na roho. Wakuu wamekuja wakaondoka, mmoja kastaafu, mmoja kahamishwa, mmoja kakimbia kesi, na wote kazi niliwafundisha mimi. Mimi ndiye najua mfereji upi huziba mvua ikianza, na muuza nyanya yupi hawezi kukaa jirani na yupi kwa sababu waliwahi kugombea mume. Nikikanyaga banda la nafaka watu wanaanza kurekebisha mizani kabla sijafungua mdomo. Wameniita Kengele kwa ajili ya sauti yangu wakati wa kufunga. Mkuu wa mwisho alipoondoka nilihamia ofisini kwake, ghorofani juu ya banda la nafaka, nikafuta vumbi la maharage mezani nikakaa. Nilikuwa nakaimu tu, ndiyo, lakini nilikaa kwa raha zangu. Safari hii sikuona wa kuniondoa.

Ndipo Diwani Redio akasimama barazani.

Diwani huyu ni mtu wa Ng'ambo, zamani alikuwa fundi cherehani, na jina lake linamtosha: akishawashwa hazimiki. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye viti vya wananchi. Nilitegemea aropoke kama kawaida yake, lakini siku hiyo alisema mambo yenye kichwa na miguu, na kwa hilo sijamsamehe. Alisema watu wake wanatoa ushuru kila asubuhi kama watu wengine wote, na katika jengo zima hakuna ofisi ambayo mama yake angeingia akaeleza shida yake kwa lugha yake akaeleweka. Alisema meza za Ng'ambo karibu zote ziko upande wa mfereji wa samaki. Nikataka kunyanyuka niseme jamani, walikuja mwisho, wakakuta hizo ndizo zilizobaki, hakuna aliyewachukia. Kumbe aliliona linakuja. Akauliza, waliokuja mwisho watakuwa wa mwisho mpaka lini?

Diwani mmoja wa kwetu akajibu kwamba kazi haina kabila, apewe anayeiweza. Redio akamuuliza mbona anayeiweza kila mara anakuwa mtoto wa mjomba wake. Watu walicheka, hata wa upande wetu, kwa sababu mtoto wa mjomba alikuwa amekaa pale pale. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Wengine walisema ukianza kugawa vyeo kwa makabila hutamaliza, kesho wafupi nao watataka chao. Wengine wakasema mbona vimegawiwa siku zote, ila mgao ulikuwa wa upande mmoja. Mwisho wakapiga kura. Ikapita kwamba nafasi ya kwanza ya mkuu wa idara iliyo wazi itengwe kwa ajili ya mtu wa Ng'ambo. Na nafasi ya kwanza iliyo wazi ilikuwa ipi? Kiti nilichokifuta vumbi mimi.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mume wangu ni fundi saa, mtu asiyejua haraka, akaniambia basi mke wangu, ni zamu yao, subiri. Nikamwambia asubiri yeye chakula.

Lakini ningevumilia. Wallahi ningevumilia. Angekuja mgeni yeyote kutoka Ng'ambo ningemfundisha kazi kama nilivyowafundisha wenzake, nikajiliwaza kwamba serikali haina macho. Wa kwanza kuomba akawa mdogo wangu.

Baba yetu ni mtu wa Huku. Alipoachana na mama, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuota meno ya utoto na mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Wazee wakakata shauri: mkubwa abaki kwa baba, mdogo aende na mama mpaka aachishwe ziwa, kisha arudi. Akaachishwa, hakurudi. Baba alikuwa ameshaoa tena, hakumfuata. Basi mwenzangu akakulia Ng'ambo mapajani kwa mama, na mimi nikakulia Huku kwa shangazi, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, ambaye kila akinisuka alinikumbusha kwamba mama yangu aliondoka bila kugeuka nyuma. Ndivyo tumbo moja lilivyotoa makabila mawili. Angewahi kuacha kunyonya mwaka mmoja tu, leo tungekuwa kabila moja.

Siku hizi mama ni mtu mzima sana, na anaishi kwa mdogo wangu, huku huku mjini. Mimi huenda Jumapili na kifurushi changu cha sukari. Napokewa vizuri sana. Navutiwa kiti, kinafutwa, naambiwa karibu dada. Na mtu anayevutiwa kiti ni nani kama si mgeni? Yeye mwenyewe hukaa mkekani, miguu kaitupa juu ya mapaja ya mama, wanazungumza lugha yao, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Halafu mmoja anakumbuka kwamba nipo, ananitafsiria, na kikishatafsiriwa hakichekeshi tena. Mimi katika lugha ya mama najua njoo, kula, nyamaza, lala. Maneno ya kumwambia mtoto. Tulitenganishwa kabla hajanifundisha mengine.

Kazini nako hivyo hivyo. Mdogo wangu yuko dirisha la leseni, chini kabisa, mkabala na geti la soko. Madirisha yako kadhaa, mengine makarani wake wanapiga miayo, lakini watu wanapanga foleni kwake. Vikongwe wa Ng'ambo wanaongea naye lugha yao wanamwita mwanangu, na watu wa Huku nao wanamsifu kwamba ana adabu. Mimi nikipita pale nageuza uso nikajifanya naangalia saa. Roho ilikuwa inaniuma, sifichi. Kuna watu wakiona wivu wanasema kichwa kinauma. Mimi nasema wivu.

Alikuja kuniambia mwenyewe. Alipanda ngazi zangu na vikombe viwili vya chai, akaweka kimoja mbele yangu, akasema ameomba nafasi ya soko na ameona afadhali nisikie kwake. Nikamuuliza kama mji mzima hakuona kiti kingine isipokuwa nilichokikalia. Hakukasirika, angekasirika ningepata nafuu. Aliniambia taratibu tu, "Dada, nafasi imetengwa. Hata mimi nisingeomba, wewe usingeipata." Ukweli ukisemwa na mtu mpole unachoma mara mbili. Halafu akaongeza kwamba akiipata tutafanya kazi pamoja, atanitegemea sana. Yaani nimfundishe na yeye. Nikamwambia chai yake imepoa, ashuke nayo.

Kwa siku kadhaa nilikuwa mbogo. Niliwafokea wauza dagaa, nikawahamisha wauza mitumba kutoka njiani ambako mimi mwenyewe nilikuwa nimewaruhusu. Kila nikimwona, kila nikisikia jina lake, nilirudia neno moja moyoni: alipewa mama, na sasa anapewa soko. Na ni katika kulirudia rudia hilo ndipo akili ikanifunguka. Kwani mimi sina mama? Ikiwa yeye ni wa Ng'ambo kwa sababu ya mama, mama aliyemnyonyesha yeye ndiye aliyenizaa mimi, tena mimi nilitangulia.

Nikaenda kwa karani wa ajira. Akanisomea masharti. Katika mji wetu hakuna cheti kinachoandika kabila la mtu, kwa hiyo halmashauri ilitunga utaratibu wake: mwombaji anasimama mbele ya kamati, na mtu mzima wa Ng'ambo anayejulikana anasimama pembeni yake na kusema, huyu ni wetu. Wakaita kutambuliwa. Mwenye pingamizi anasikilizwa kwanza, kabla ya watambuzi, ili watu wasije wakasimama bure. Karani akanitazama juu ya miwani. Akaniuliza, wewe Kengele, lini umekuwa wa Ng'ambo? Nikamwambia tangu tumboni, andika. Akaandika.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa mama. Haikuwa Jumapili, akashtuka akadhani kuna msiba. Alikuwa peke yake, anashona pindo la gauni karibu na dirisha. Nikakaa chini, safari hii nikakataa kiti, nikamwambia nataka asimame mbele ya halmashauri aseme mimi ni wao. Sindano ikasimama. Mama yangu si mtu wa machozi, lakini macho yalimlowa. Maisha yangu yote sikuwahi kumwambia kwamba mimi ni mtu wa kwao. Kwa shangazi lilikuwa tusi, na nilipokuwa mkubwa nililizoea hivyo. Akanishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga, akanitazama weee, akasema neno la lugha yake ambalo silijui.

Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, akanywa chai, akaenda zake. Lakini wivu haujui kushiba, ukiupa mkate unauliza mwenzako kapewa nini. Nikamwambia, "Mama, nisimamie mimi. Mimi peke yangu. Yeye usimtambue."

Akauondoa mkono. Akasema sisi sote ametuzaa, hawezi kumsemea mmoja akamfungia mdomo mwingine, na kuchagua ni kazi ya kamati, yeye si kamati. Nikamwambia kuchagua alishachagua zamani, siku alipovuka daraja kambeba mmoja. Lilinitoka, wala sikujuta, lilikuwa limekaa kooni tangu nasukwa na shangazi. Mama akaokota sindano yake, akasema, "Siku ikifika nitasimama." Nikamuuliza atasimama kwa ajili ya nani. Akarudia vile vile, siku ikifika atasimama, akaendelea na pindo lake.

Mdogo wangu akaingia kutoka kazini, na mkate mkononi. Mama akamwambia jambo kwa lugha yao, sauti ya chini, na yule akageuka akanitazama kwa huruma. Mwenzangu, nipige kofi, nitukane, lakini usinionee huruma. Nikajua nimeshakatwa. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikachukua mkoba wangu, na mkate sikuonja.

Njiani nikapiga hesabu ya mambo. Waombaji tulikuwa watatu. Mimi, yeye, na Mizani. Mizani ni mkaguzi wa vipimo pale sokoni, baba wa Ng'ambo, mama wa Ng'ambo, na usingizi wa kwake mwenyewe. Ukimtafuta saa nne asubuhi utamkuta nyuma ya magunia ya mtama, kofia usoni. Kama mama atamsimamia mdogo wangu, mimi sina mtambuzi, nimekwisha. Lakini yeye naye asipokuwa wa Ng'ambo? Kiti kitabaki kwa Mizani, na Mizani akiwa Mkuu soko litaendeshwa na mimi, kama siku zote. Na hata lisingeendeshwa na mimi, bora kutawaliwa na mjinga wa mbali kuliko kupokea amri kutoka mdomo ulionyonya maziwa ya mama yangu yote mpaka tone la mwisho. Nasema nilivyowaza.

Kesho yake nikarudi kwa karani, nikatoa jina langu, nikaandikisha pingamizi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana jina likitoka halirudi. Nikamwambia afanye kazi yake. Mume wangu nilipomwambia jioni, aliweka chini kibano chake akaniuliza kama mama anajua. Nikamwambia mama atasikia pamoja na wengine. Akasema, "Hasira hasara, mke wangu." Na mimi nikamwambia misemo haijaza sufuria.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Wauza nyanya walikuja na aproni zao, wabeba mizigo wakasimama madirishani, watu wa Ng'ambo upande wa kushoto, watu wa Huku upande wa kulia, wala hakuna aliyewapanga. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamke mmoja mwalimu mstaafu, asiyecheka ovyo. Mdogo wangu alikaa mbele, kavaa gauni la kijani ambalo pindo lake nililiona likishonwa. Nilipolitambua gauni lile moto ulinipanda mpaka masikioni. Mama nilimwona mlangoni, kavaa nguo zake za kutokea, anatafuta pa kukaa. Kijana mmoja akampisha. Akatutazama, mimi huku, mdogo wangu kule, akatabasamu. Nikajiambia anamtabasamia yeye.

Mwenyekiti akasema kabla ya watambuzi kuna pingamizi moja, dhidi ya mwombaji wa dirisha la leseni, na limeletwa na Naibu Mkuu wa Soko, ambaye ameondoa jina lake mwenyewe. Ukumbi ukavuma. Nikasimama. Sauti yangu mnaijua, haihitaji kipaza.

"Huyu ni mdogo wangu," nikasema. "Baba mmoja, mama mmoja, na hilo hawezi kulikana. Baba yetu ni mtu wa Huku. Sasa nauliza, mtoto humfuata nani? Huku kwetu humfuata baba. Ng'ambo humfuata baba. Muulizeni Diwani. Mama analea, mama ananyonyesha, lakini mama hampi mtu kabila. Kama mama angetosha, hata mimi ningekuwa mtu wa Ng'ambo. Na mimi siye."

Nikakaa. Nilikuwa na furaha, furaha mbaya ile inayokaa tumboni.

Wote wakamgeukia Diwani Redio, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Redio alikosa stesheni. Maana ni yeye huyo huyo aliyesimama mara ngapi barazani kusema mtu wa Ng'ambo ni aliyezaliwa na baba wa Ng'ambo, akiogopa kwamba ukilegeza hapo, kila mtu wa Huku atakumbuka ana bibi ng'ambo ya mto na kuja kula fungu lao. Alikohoa, akazunguka, mwisho akakubali kwamba ndiyo, kwao ni hivyo, mtoto humfuata baba. Nadhani pia alikumbuka kwamba Mizani ni binamu yake.

Mwenyekiti akamuuliza mdogo wangu kama ana jibu. Alisimama, akashika kiti cha mbele yake. Akasema lugha aliyoanza kusema ni ya Ng'ambo, makaburi anayoyapalilia yako Ng'ambo, na sokoni akitukanwa hutukanwa kama mtu wa Ng'ambo, hakuna anayemuuliza kwanza baba yake ni nani. Kisha akasema hatabishana na dada yake mbele za watu. Akakaa. Watu wakaguna kwa kumpenda, mpaka upande wa kulia, na mimi nikauma meno. Hata kushindwa anashindwa vizuri.

Kamati ikainamiana kwa muda mfupi. Mwenyekiti akatangaza pingamizi limekubaliwa. Mtoto humfuata baba, mwombaji ameondolewa. Akauliza, kwa kufuata utaratibu tu, kama kuna mtu aliyekuja kutambua na hajasikika.

Mama akasimama.

Hakusema lugha yake. Alisema Kiswahili, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. "Mimi nilikuja kutambua," akasema. "Nilikuja kuwatambua wawili, huyu na yule. Nilimwambia mdogo wake, akakubali. Nikasema nitasimama katikati yao. Sasa mkubwa wangu amesema mama hampi mtu kabila, na nyinyi wenye elimu mmekubali. Basi mimi sina mtu hapa."

Mwenyekiti alivua miwani akaivaa tena. Mimi nilikuwa natazama mbele, kwenye ukuta, kulikuwa na alama ya maji pale paa linapovuja, na niliitazama nikiwaza kwamba mtu aje ashughulikie. Ubongo wa mtu ni kitu cha ajabu. Jambo liko masikioni mwako, na wewe unatafuta fundi wa paa.

Wawili. Angewatambua wawili. Kamati ingepata waombaji wawili wa tumbo moja mbele yake, mmoja karani wa leseni, mwingine mtu aliyeliendesha soko kabla ya wakuu wote. Nani angepewa? Hata asiyejua kuhesabu anajua. Kiti kilikuwa changu, na mdogo wangu alijua, na akakubali. Mimi ndiye niliyekwenda mwenyewe kwa karani nikakitoa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Diwani Redio akasimama kando ya Mizani, akasema huyu ni wetu, na Mizani, ambaye alikuwa ameamshwa kwa kiwiko, akasema asante. Upande wa kushoto ukapiga makofi, si kwa nguvu, lakini ukapiga, na walikuwa na haki yao. Kwa mara ya kwanza jengo lile lilipata mkuu ambaye mama wa Redio angeweza kumweleza shida yake, kama atamkuta yuko macho. Upande wa kulia watu walinipongeza. Walinipa mikono. Mmoja akaniambia nimewatetea watu wetu. Nilitaka kumuuliza watu gani.

Nikatoka kwenye korido nikatafute hewa. Ni korido nyembamba, ina benchi moja la mbao upande wa ukutani, ambalo wenye shida hukaa wakingoja zamu. Walikuwa wamekaa hapo. Mdogo wangu alikuwa sasa analia, kule ndani alijizuia, hapa hapakuwa na sababu ya kujizuia. Kichwa kakilaza mapajani kwa mama, lile gauni la kijani limejikunja, mtu mzima mwenye watoto wake. Mama alikuwa anampapasa mgongo, anamwambia maneno ya chini kwa chini. Na yale maneno niliyajua. Nyamaza. Nyamaza. Lala.

Nikasimama. Nikasema, "Mama."

Akanyanyua uso. Sikuona hasira, na niliitafuta. "Pita tu, Naibu," akasema. "Tusikuzibie njia." Akavuta miguu yake ndani, chini ya benchi, ili nipate nafasi, kama anavyompisha mtu yeyote mwenye haraka zake.

Nikapita, ningefanya nini. Mkono wake haukuacha kumpapasa yule. Mdogo wangu nilikuwa nimemnyima soko, nimemvua kabila mbele ya mji mzima, nimemwachia kilio tu, na Mungu ni shahidi, nilishuka ngazi za halmashauri mpaka chini nikiendelea kumwonea gere.